Kidude cha Kwanza Kushoto

Wenzangu mliokulia Songea mnaijua harufu ya mahindi makavu yaliyotiwa dawa. Unaingia chumba chenye magunia, pua inawasha, unapiga chafya tatu, na mtu anauliza kutoka jikoni, "Nani huyo anachezea mahindi?" Majuzi nilipiga chafya hizo tatu kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wangu hapa Matogoro, nikasimama kuisubiri sauti ya jikoni. Haikuja. Mama tulimzika kabla mvua hazijaanza, na jikoni siku hizi ni mimi.

Nimerudi kumtunza baba. Watu wananisifu kwa moyo wa kujitolea, nami napokea sifa hizo bila aibu, ingawa ukweli ni kwamba nimehama kutoka kujifungia ndani ya nyumba moja kwenda kujifungia ndani ya nyingine. Mimi ni mtu wa ndani tangu kuzaliwa. Nikionekana sokoni, watu wanaulizana nani kafa. Hata kazi yangu ni ya kukaa: napokea kanda za kaseti za watu, za harusi, za kwaya, za marehemu waliorekodiwa wakicheka, nazihamishia kwenye kompyuta na kuzisafisha sauti. Elimu yangu ni kidato cha nne, na alama yangu ya hesabu siitaji mbele ya watu wazima wenzangu. Lakini niletee kanda yenye mvumo, nitakuambia mvumo umekaa wapi na unatolewaje. Hilo sikulisomea. Hilo nilifundishwa nikiwa na miaka kumi, nimekaa kwenye kigoda, na aliyenifundisha ndiye niliyemtenda.

Kanda nilikuwa nimeikuta chini kabisa ya sanduku la mama, imeviringishwa kwenye kitenge kama kitu cha kuvunjika. Juu yake kulikuwa na mwandiko wa baba, ule mwandiko wake wa ubaoni: KWAYA, BESI, YA MWISHO. Alimaanisha ya mwisho kati ya majaribio ya siku moja ya kurekodi. Nilijua ni ipi kabla sijaishika vizuri.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Songea na barua ya serikali akiwa na sanduku moja la nguo na gitaa la besi. Babu mzaa mama, mkulima wa Mpitimbi, alipoletewa mkwe huyo alilitazama gitaa muda mrefu kisha akauliza, "Magitaa ya wenzako yana nyuzi sita. Wewe hizo mbili umezinywea pombe?" Hiyo ndiyo iliyokuwa karibu yake ukweni, na hadi leo kule Mpitimbi wakimzungumzia wanamwita Nyuzi Nne.

Sebule yetu ilikuwa sebule mpaka Jumamosi mchana. Baada ya hapo, kama umeme wa mgao ulikuwa upande wetu, iligeuka kuwa studio. Kuku walifukuzwa, blanketi likatundikwa dirishani, na maiki moja ikaning'inizwa kwenye mti wa dari kwa kamba ya katani. Upande mmoja iliwekwa redio kubwa iliyopiga kanda ya kwaya ya parokia, sauti tupu walizorekodi kanisani. Upande wa pili iliwekwa spika ya gitaa, na baba akaipigia besi ile kwaya. Maiki ikameza vyote kwa pamoja, waya ukapita kwenye sanduku jeusi liitwalo ikwalaiza, ndipo sauti ikaingia kwenye redio ya pili iliyokuwa inarekodi.

Spika ya gitaa hakuielekeza kwa watu. Aliielekeza kwenye magunia ya mahindi. Tulipanga mahindi sebuleni kwa sababu stoo ilikuwa na panya, na baba aligundua kwamba gunia linameza mvumo. Baada ya mavuno, magunia yakiwa yamepangwa mpaka karibu na dari, besi lilitoka kavu, kila noti na mipaka yake. Lakini kuanzia masika, tulivyozidi kula ugali ndivyo ukuta ulivyozidi kubaki mtupu, na besi likaanza kuvuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Kwa hiyo ikwalaiza yetu ilikuwa na alama za chaki: nyeupe za kipindi cha magunia mengi, nyekundu za kipindi cha njaa. Sijui nyumba nyingine duniani iliyopanga sauti ya gitaa kwa kutazama akiba ya unga.

Ile ikwalaiza ilikuwa na vidude vitano vya kusukuma juu na chini, na vyote vilikuwa vimelegea. Spika ikitetemeka vilishuka vyenyewe, polepole, kama wanafunzi wanaosinzia. Kazi yangu ilikuwa kuvishikilia kwa vidole visiache alama zake.

"Sema majina yao, mama," baba aliniambia. Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao.

"Cha kwanza kushoto, tumbo. Cha pili, kifua. Cha tatu, pua. Cha nne, meno. Cha mwisho, mate."

"Besi linakaa wapi?"

"Tumboni."

"Na mtu mwenye redio ndogo, isiyo na tumbo, atalisikiaje?"

"Tunamwongezea pua."

"Na likivimba?"

"Tunapunguza kifua, tumbo tunaliacha."

"Basi wewe nikifa utarithi," alisema, na mama akadakia kutoka jikoni, "Arithi nini, nyuzi nne?" Wote tukacheka. Naitaja hiyo ili mjue kwamba tulikuwa tunacheka.

Kisha baba akaugua. Ilikuwa homa kali, akalazwa wiki mbili, akarudi amekonda na suruali imefungwa kwa kamba. Akapona. Mwili ulirudi, tumbo lilirudi, utani haukurudi. Na Jumamosi studio ilipofunguliwa tena, akaanza kuniambia jambo ambalo halikuwa kwenye masomo yetu.

"Ongeza meno."

Nikaongeza. Tukasikiliza.

"Bado. Ongeza meno, ongeza na mate. Mbona kwaya inaimba kama imefunikwa blanketi?"

Nikapandisha mpaka mwisho. Kwaya ikatoka kama bati linalokwaruzwa kwa msumari, kila herufi ya S ilinichoma kwenye ufizi. Baba akatikisa kichwa, hajaridhika. "Ni magunia," alisema. "Magunia yamepungua."

Niliamini. Lakini mavuno yakaja, babu akatuletea mahindi kutoka Mpitimbi, sebule ikajaa mpaka tukawa tunapita ubavu ubavu, na baba bado alisema, "Ongeza meno." Hapo nikapata jawabu langu la kitoto. Anafanya makusudi. Anamkomoa mama.

Maana mama alikuwa ameanza kugomba. Mama yangu, ambaye zamani alikuwa na sauti ya kumbembeleza hata jiko la mkaa, sasa alipiga kelele kuanzia alfajiri. "MWALIMU, MAJI YAKO TAYARI!" "MWALIMU, NIMEKUULIZA UNA KIPINDI LEO?" Na baba hakujibu. Aliendelea kufunga kamba za viatu kana kwamba mama ni ukuta. Akiitwa mara ya tatu ndipo alipogeuka na kusema, "Nini?" kwa ukali, naye mama akageuza uso.

Mwenzangu wa dawati moja, Edigna, alikuwa ameshaniambia mambo hayo huanzaje. Kwao zilianza kelele, zikafuata siku za kutojibiana, halafu asubuhi moja mama yake akabeba godoro kichwani mpaka stendi, akapanda gari la kwenda kwao Lusewa. Edigna alinieleza hatua zote hizo kwa utaratibu, kama mtu anayefundisha kupika. Nami nilikuwa nahesabu: kelele tayari, kutojibiana tayari. Nilianza kulichunga godoro la mama. Nikitoka shule naingia kwanza chumbani kwao, naligusa, ndipo nakwenda kuvua sare.

Halafu ikaja Ijumaa ambayo mama mdogo, mdogo wake mama, alikuja kutusalimia. Walikaa uani wakipukuchua mahindi, mimi nikiwa nyuma ya mlango kwa kazi yangu ya kudumu ya kuwa ndani.

"Nimechoka, mdogo wangu," mama alisema. "Kutwa napiga kelele kama nafukuza nyani shambani. Na yeye hata kunitazama hanitazami."

"Sasa utafanyaje, dada?"

"Sijui. Na kesho ni Jumamosi, atalifungua hilo gitaa lake. Ningekuwa na uwezo ningelitupa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote."

Mwasikia? Mtoto wa miaka kumi alisikia ushahidi kamili. Mama anaondoka, na kinachomwondoa ni gitaa. Leo nikiwa mtu mzima nayasikia maneno yaleyale kwa namna nyingine kabisa. Mama alikuwa anasema kwamba kumwona mumewe anayepoteza masikio akihangaika na gitaa kulimpasua moyo. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba tangu ile homa baba hasikii vizuri. Nyumbani kwetu ugonjwa wa mtu mzima ulifunikwa kama chungu. Kwaya nzima ilijua, mkuu wa shule alijua, hata muuza maziwa alijua na ndiyo maana alikuwa anapiga hodi kwa jiwe. Aliyekuwa hajui ni mimi, na baba naye alikuwa anajifanya hajui.

Jumamosi ile kwaya ilikuwa inasubiri kanda ya sikukuu ya parokia, na baba alipiga vizuri kuliko siku zote. Hata mimi adui yake nilisikia. Alifumba macho, mguu wake wa kulia ukigonga sakafu, na noti zikawa zinapita chini ya kwaya kama mtu anayembeba mgonjwa asimtikise. Alikuwa amenipa mgongo. Nikatazama kidole changu kilichokuwa kwenye kidude cha kwanza kushoto, kwenye chaki nyeupe. Nikakishusha, si kwa haraka. Nikakishusha mpaka chini kabisa, nikakishusha na cha pili, nikavishikilia hapo mpaka wimbo ukaisha. Sebuleni besi liliendelea kunguruma kama kawaida, maana ikwalaiza haikugusa kilichotoka kwenye spika, iligusa kile tu kilichoingia kwenye kanda. Alipoinuka kuzima redio, vidude vilikuwa vimesharudi kwenye chaki.

Nilijiona nimeokoa nyumba. Kesho yake kanda ingesikika haina besi, kwaya ingesema Mwalimu siku hizi hapigi kitu, gitaa lingetupwa, mama angekaa. Mpango wangu ulikuwa mzuri kuliko alama zangu zote za hesabu.

Jumapili baada ya misa alikuja mwalimu wa kwaya, Baba Sixta, mtu mkubwa mwenye utani wa kila saa. "Mnyamwezi, leta hiyo kanda, tusikie umetuharibia wapi!" Alisema kwa kelele, na mimi nikashangaa kwamba hata yeye sasa anamgombeza baba. Mama alileta chai. Mama mdogo alikuwa bado yupo. Baba akaweka kanda, akakaa, akainama kidogo kuelekea kwenye redio.

Kwaya ikaimba. Besi hakuna. Kwa mbali sana, kama mtu anatembea nyumba ya tatu.

Nilimwona Baba Sixta akimtazama mama. Nilimwona mama akitikisa kichwa, kidogo tu, usiseme. Walidhani ni baba mwenyewe amekosea vidude kwa sababu ya masikio, na kwetu hapa mtu hatajiwi kilema chake mezani kwake, tena mbele ya mtoto wake.

"Safi sana, Mwalimu!" Baba Sixta akapaza sauti. "Besi limetulia! Limetulia kweli!"

Baba alitazama redio. Akasogeza kiti. Akaweka sikio karibu kabisa na kitambaa cha spika, shavu likagusa.

"Linasikika?" akauliza.

"LINASIKIKA VIZURI, MWALIMU," mama alisema, akageuka kumimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

"Shemeji, linasikika," akasema mama mdogo.

Akanigeukia mimi. Macho yake nayaona hata sasa. Hayakuwa na ukali. Yalikuwa macho ya mtu aliyepotea njia anayemuuliza mtoto mdogo kwa sababu watoto hawana sababu ya kudanganya.

"Mama, wewe ndiye fundi wangu. Besi linasikika?"

Watu wazima watatu wameshasema. Na mimi nilikuwa nimefundishwa kutowapinga watu wazima, pia nilikuwa na changu cha kuficha. Nikasema, "Linasikika, baba."

Akasema, "Haya." Neno hilo moja. Akasubiri wimbo uishe, akamtolea Baba Sixta kanda, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alilifuta gitaa kwa kitambaa, uzi mmoja mmoja, akalifunga kwenye blanketi lile la dirishani, akapanda juu ya magunia na kulisukuma ndani ya dari. Alishuka taratibu, akajipangusa vumbi la mahindi.

Mama hakuondoka. Nililigusa godoro wiki nzima, halafu mwezi, halafu nikaacha. Niliona mpango umefanikiwa. Kelele tu ndizo zilizobaki nikawa sizielewi, mpaka kidato cha pili, mwalimu wa baiolojia alipochora sikio ubaoni na kueleza kwamba kuna watu ambao masikio yao huanza kufa kwenye sauti nyembamba, zile za S na za ndege, na hubakiwa na sauti nene mpaka mwisho. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikakaa huko kipindi kizima.

Nene ndiyo iliyobaki. Meno na mate vilikuwa vimeondoka, ndiyo maana alikuwa anasema ongeza. Tumbo alikuwa nalo. Kati ya vyote ambavyo dunia ilikuwa inamnyang'anya, besi lilikuwa bado lake, na mimi nilimshawishi kwamba nalo limekwenda.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nasubiri nafasi. Miaka ikapita mimi nasubiri nafasi, hiyo ndiyo faida ya kuwa mtu wa kukaa. Na tena jaribuni nyie kutubu kwa mtu asiyesikia. Dhambi hunong'onwa, ya kwangu ilihitaji kupigiwa kelele mpaka mtaa wa pili. Mama naye, sijui alijua nini. Ninachojua ni kwamba kanda iliporudi kutoka parokia hakuirekodi juu, ingawa kanda zilikuwa adimu na kila kanda nyumbani kwetu ilirekodiwa juu mara tatu. Aliiviringisha kwenye kitenge.

Nimeifanyia kazi siku nne. Kilichoshushwa kwenye ikwalaiza hakifutiki chote, kinazama. Nilipandisha tumbo na kifua, mvumo wa kanda ukapanda navyo, nikauondoa, nikapandisha tena. Nikapunguza kifua kidogo, maana magunia yalikuwa mengi lakini si kiasi cha kumeza mvumo wote. Nikashusha meno mpaka kwaya ikaacha kukwaruza. Siku ya nne likainuka. Lilikuwa pale. Mguu wake ulikuwa pale, unagonga sakafu. Na karibu na mwisho, pumzi ya mtoto aliye karibu na maiki kuliko inavyotakiwa.

Jana mchana nikaunganisha spika kubwa kwenye kompyuta, nikaiweka juu ya meza sebuleni, nikamkalisha baba. Ameshakuwa mzee mdogo mdogo, koti linamvaa. Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya spika, kisha nikafungulia.

Vidole vyake vilianza kusogea.

"Nani huyu anapiga?" akauliza.

"NI WEWE, BABA!"

"Nani?"

"WEWE! KANDA YA SIKUKUU! NILISHUSHA MIMI! KILE CHA KWANZA KUSHOTO, NILISHUSHA MIMI, HALAFU NIKAKUDANGANYA!"

Mlangoni alikuwa amesimama binti yangu, Upendo, ametoka shule, begi bado liko mgongoni. "Mama," alisema kwa woga, "mbona unamgombeza babu?"

Baba alikuwa ananitazama mdomo. Wimbo ukaisha, ukaanza tena wenyewe. Sikujua amesikia kiasi gani mpaka alipofungua kinywa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

Nikanyoosha vidole vyote.

"Kumi," alisema. Mkono wake ulikuwa bado kwenye spika. "Mimi nilidhani ni masikio."

Nilingoja aseme zaidi. Angenigomba ningeshukuru. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama zamani, na uso umekunjamana kama wa mwalimu aliyeona kosa kwenye daftari.

"Kile cha kwanza kushoto," akasema. "Punguza kidogo. Limezidi."

Nikanyoosha kidole, kilekile, nikapunguza.